Mtoto Aliyekwama kwenye Printa

Sehemu ya sita

Anayeanza kusoma leo asihangaike. Klementina ni binti wa kijiji cha Simbo, mkoani Kigoma, fundi wa kompyuta. Kwa muda usiotimia mwaka, duka lake la steshenari pale Mwanga, Kigoma mjini, liliungua, mumewe Feliksi akahamia Mpanda na shoga wa Klementina wa chanda na pete, na mama yake mzazi, aliyekuwa amebaki peke yake duniani wa kumwita kwa jina la utoto, akaugua kidogo tu akafa.

Kwenye maziko ya mama huyo ndipo tulipomwacha, amesimama kando ya kaburi, jicho kavu, wanawake wa Simbo wakinong'onezana nyuma ya khanga.

"Mbona halii?"

"Labda anajua kilichomuua mama yake."

Hakujua lolote. Alikuwa amekufa ganzi, basi. Kama fizi iliyochomwa sindano kabla ya jino kung'olewa: unajua kuna kitu kinavutwa, unasikia hata kinavyokatika, ila huumwi.

Matanga hayajaanuliwa, simu ikaita. Shirika moja la misaada lilikuwa linatafuta fundi. Ulikuwa mwaka 2015, Warundi wanakimbia machafuko kwao kwa maelfu, meli inawazoa kijiji cha mpakani Kagunga na kuwashusha bandarini Kigoma, na mashirika yanaota mjini kama uyoga.

Meneja wa ofisi aliitwa Anatoli, bwana mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata.

"Nina printa nyingi na kila moja ina bwana wake," alimwambia. "Unaweza kuziunganisha ziwe na akili moja?"

"Naweza."

"Utaanza lini?"

"Hata sasa."

Anatoli akautazama mkono wa Klementina uliofungwa kitambaa cheusi. "Nimeambiwa umefiwa."

"Ndiyo," Klementina akajibu. "Seva iko wapi?"

Ofisi ilikuwa ghala la zamani lililopakana na kituo cha mapokezi. Klementina alipanda ngazi, akavuta nyaya juu ya kenchi, akazishusha kila chumba. Kila kompyuta akaifuta printa yake ya zamani na kuielekeza kwenye seva moja, iliyokaa chumbani kwake ikinguruma kama jokofu bovu. Printa akazipa majina ya mitaa ili watu wasizichanganye: Ujiji, Gungu, Bangwe, Kibirizi.

Wafanyakazi walicheka wiki nzima.

"Kibirizi imekwama karatasi!"

"Ujiji haina wino, nendeni Gungu!"

Klementina hakucheka. Aliwaeleza mara moja tu, kwa sauti ile ile anayomsomea mtu namba ya simu. Ukituma kazi haichapwi palepale. Inakaa foleni kwenye seva. Unakwenda kwenye printa yoyote, unagusisha kitambulisho chako, kazi yako inatoka. Kila mtu ana kiwango chake cha kurasa, kimepangwa na meneja. Kikiisha, kazi inabaki foleni mpaka meneja aidhinishe. Isipochukuliwa siku hiyo, inafutika yenyewe.

Anatoli alifurahi mno. Kabla ya hapo watu walikuwa wanachapa kadi za kipaimara, nyimbo za kwaya, hata tangazo la kuuza nguruwe. Sasa karatasi ilikuwa na adabu.

"Umeniletea nidhamu," alimwambia Klementina. "Wafadhili wakija, utawaonyesha mwenyewe."

Siku ya wafadhili kufika ndiyo siku ya kisa chetu.

Asubuhi hiyo mabasi yalikuwa yamejipanga nje ya kituo, yanapakia watu wa kwenda kambini. Klementina yuko mbele ya kompyuta yake, mlango ukafunguliwa. Aliingia Rozalia, mama wa Kasulu, mtu mzima, aliyekuwa anasimamia kitengo cha kuunganisha familia. Kitengo chenyewe kilikuwa ni yeye na kiti chake. Mkononi alimshika mtoto wa kike wa miaka kama mitano, nywele zimenyolewa, gauni limekuwa refu kwake mpaka linafagia sakafu.

"Shikamoo, dada Rozalia."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimetuma kazi, Kibirizi inaniambia nisubiri."

Klementina akaangalia. "Kiwango chako kimeisha."

"Kimeisha vipi na nimechapa jana tu?"

"Umepewa kiwango sawa na madereva. Na kurasa za rangi zinahesabiwa zaidi."

Rozalia akavuta pumzi. "Sikiliza. Huyu anaitwa Ineza. Kaniambia jina lake na la kijiji chao siku ile aliyofika, tangu hapo hajafungua mdomo tena. Ameonekana akishuka melini amebebwa na mwanamke mwenye kitenge cha kijani, halafu kwenye kuandikishwa wakapotezana. Nimetengeneza bango lenye picha yake. Nataka kulibandika pale kwenye mabasi. Mama yake akipanda bila kuliona, anafikia kambi ya Nyarugusu, na huko watu ni kama siafu. Nitampata wapi?"

"Inahitaji idhini ya meneja."

"Meneja yuko wapi?"

"Uwanja wa ndege. Anapokea wageni."

"Nimempigia, simu imezimwa."

"Basi tusubiri aiwashe."

"Mabasi hayasubiri!"

Klementina akaitazama skrini. Kazi za Rozalia zilikuwa pale, zimetulia. Zamani, kwenye kazi aliyofanya kabla ya duka, angeshafungua. Alikuwa mtu wa hivyo. Sasa aliyaona yote haya kwa mbali, kama mtu anayeangalia ng'ambo ya ziwa siku ya ukungu.

"Mfumo umekataa, dada."

Rozalia akainama, akaweka kiganja juu ya meza.

"Nikuulize kitu. Kidole cha kubonyeza ni cha nani?"

"Changu."

"Basi usiniambie mfumo. Sema Klementina amekataa, nijue nimeongea na mtu."

Nje, basi la kwanza likapiga honi. Likafuata la pili. Watu walioimba waliimba, waliolia walilia, na vumbi likaingia mpaka ndani. Yakaondoka.

Rozalia akakaa kwenye sanduku la karatasi, kichwa mikononi.

Mtoto alikwenda mlangoni. Akayatazama mabasi mpaka la mwisho lilipopotea. Hakuita. Hakulia. Akageuka, akaja kusimama pale pale alipokuwa mwanzo, macho makavu, mikono imeninginia.

Klementina alilijua jicho lile. Alikuwa analiona kila asubuhi kwenye kioo.

Msomaji, asikudanganye mtu kwamba moyo wake ulilainika. Haukulainika. Kilichotokea ni kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Akashika kipanya, akafungua foleni, na badala ya kuchagua kazi moja moja akabonyeza palipoandikwa "toa zote".

Ghala likaitika. Ujiji ikaanza, Gungu ikafuata, Bangwe na Kibirizi zikaunga. Kila kilichokuwa kimezuiwa asubuhi hiyo kikatoka: ripoti za maji, ratiba ya madereva, hata wimbo wa kwaya wa mtu fulani. Na mabango. Mengi, ya rangi, ya moto, uso wa Ineza ukirudiarudia.

"Yabandike," Klementina akasema. Akachukua bango moja, akalikunja. "Mimi nayafuata mabasi."

"Kwa nini?"

Klementina alikuwa ameshafika mlangoni. "Kwa sababu niko huru sasa hivi."

Hamdani, kijana wa bodaboda aliyeegesha nje ya geti, alikuwa amezoea kumpeleka Mwanga.

"Leo wapi, dada?"

"Fuata yale mabasi."

"Wewe! Kama sinema?"

"Twende, Hamdani."

Bahati haikuwa mbali. Mabasi yalikuwa yamesimamishwa Mwandiga, polisi wanahesabu watu upya. Wauza ndizi na karanga wamejaa madirishani. Klementina akatembea toka basi hadi basi, bango kifuani, akiuliza kwa Kiswahili, akiigonga picha kwa kidole pale alipoona watu wanamkodolea macho.

Kwenye basi la tatu, dirishani, akaona kitenge cha kijani.

"Amahoro, mama," akamsalimu kwa Kirundi.

"Amahoro," mwanamke akajibu, kisha akaendelea kwa Kiswahili, maana alikuwa mtu wa Rumonge, mji wa Burundi ambako Kiswahili huzungumzwa. "Jina langu Godeliva. Kuna nini?"

Klementina akalifungua bango. "Mwanao yupo. Hajambo. Shuka turudi."

Godeliva akaitazama picha kwa muda. Mkono ukaenda mdomoni.

"Asante Mungu," akasema. "Yu mzima."

"Shuka basi."

"Dada, huyo si wangu."

Polisi alikuwa anafunga mlango wa basi. Klementina akashika ukingo wa dirisha.

"Ulimbeba toka melini, umeonekana."

"Nilimbeba toka kabla ya meli, kwenye boti ya kutuleta Kagunga. Lakini nilipewa tu. Tumo majini, kuna wanaume wawili wanagombana huko nyuma, watu wengi, sikuona sura. Mmoja akapenya mpaka nilipo, akaniwekea mtoto mapajani, akasema: nishikie binti yangu, nakuja. Akarudi nyuma."

"Akaja?"

"Hakuja. Nikasikia kishindo cha maji. Mwenye boti hakusimamisha." Godeliva akaanza kulia. "Pale kwenye kuandikishwa waliniuliza, ni wako? Nikasema hapana. Wakamtenga. Nilisema ukweli, dada, nilikosea?"

Basi likanguruma. Klementina akaachia dirisha.

"Hukukosea," alisema, ingawa hakuwa na hakika, na Godeliva hakuweza tena kumsikia.

Njia nzima ya kurudi Hamdani aliongea yeye. Klementina alikuwa anapanga maneno ya kumwambia Rozalia: mtoto hana mama hapa, na baba yake, uwezekano mkubwa, ziwa limemchukua.

Alipofika, uzio wa kituo ulikuwa umejaa uso wa Ineza. Rozalia alimjia mbio, ushungi umemwanguka mabegani.

"Klementina! Hili nani kalitoa?"

Alikuwa ameshika bango. Klementina akalitazama, hakuona kosa.

"Si ndilo ulilotuma?"

"Nilituma mara mbili! La kwanza nilikosea, niliweka jina lake, kijiji chao, na lile kovu la moto kwenye goti. Nikagundua, nikatengeneza jingine lenye picha peke yake. Lile la kwanza nililiacha lijifutie, si ulisema hujifuta?"

Klementina akakumbuka kidole chake. Toa zote.

"Vijana wa ulinzi wamenisaidia kubandika, wamechanganya," Rozalia akaendelea, pumzi zinamkatika. "Sisi hatuandiki jina kamwe! Jina tunalificha, akija mtu kudai mtoto tunamuuliza yeye. Anaitwa nani, ana alama gani. Sasa tumemwandikia majibu ukutani, mtu yeyote anasoma."

"Tuyabandue."

"Umechelewa. Amekuja mtu."

Kelele za furaha zilitoka upande wa geti. Klementina akaenda huko, miguu imekufa ganzi kama sehemu nyingine za mwili wake.

Anatoli alikuwa amerudi na wageni. Walisimama kivulini, wenye kamera wanapiga picha, akina mama wa kituo wanapiga vigelegele. Katikati yao alisimama mwanamume wa makamo, koti zito kwenye jua lile, kapiga goti moja mbele ya Ineza, kamshika mkono.

"Klementina!" Anatoli akaita, meno yote nje. "Njoo hapa! Huyu ndiye fundi wetu. Mfumo wake umetoa mabango, haijapita saa, baba amempata mtoto! Bwana Marselino, mshukuru huyu dada."

Mwanamume akainuka. Hakuuachia mkono wa mtoto.

"Mungu akubariki, dada," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha pwani ya ziwa. "Ineza wangu. Nilishakata tamaa."

"Umemtambuaje?" Klementina akauliza.

"Baba hamjui mwanawe? Anaitwa Ineza. Ana kovu la moto kwenye goti. Uliza kijiji, nitakutajia."

Kovu la moto kwenye goti. Maneno yale yale ya bango.

"Goti lipi?"

Marselino akatabasamu. "La..." Akatupa jicho chini. Gauni refu lilifunika miguu yote miwili. "La kushoto."

Rozalia, aliyekuwa amefika nyuma yao, akatikisa kichwa taratibu. Lilikuwa la kulia.

"Amechoka, jamani," Anatoli akaingilia, sauti ameishusha. "Mtu katembea, kapoteza familia, mnamfanyia mtihani? Wageni wanatazama."

"Bosi, jina lilitoka kwa makosa," Klementina akasema. "Nilifungua foleni yote bila idhini yako. Mabango yana jina na kovu. Huyu amesoma."

Anatoli akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ulifungua bila idhini?"

"Ndiyo."

"Hilo tutaliongea ofisini." Akageukia wageni, tabasamu likarudi. "Jambo dogo la kiufundi!"

Klementina akachuchumaa mbele ya mtoto. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, akatumia Kiha chake cha Simbo, alichokuwa anaongea na mama yake tu, na ambacho hakikuwa kimetoka kinywani tangu maziko. Kilitoka kikavu.

Akamuuliza: huyu unamfahamu?

Ineza akamtazama yule mwanamume. Mwenye kamera mmoja akashusha kamera yake.

"Ego," akasema. Ndiyo.

Vigelegele vikalipuka tena. "Mnaona!" Anatoli akasema.

Klementina hakuinuka. Akamuuliza tena: ni baba yako?

"Oya."

Hapana. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Baba yako yuko wapi?"

"Dawe ari mu mazi," mtoto akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Baba yumo majini. Kisha akanyoosha kidole, si mbali, juu kidogo, kwenye lile koti zito. Akasema kwamba huyu alimsukuma.

Walioelewa walirudi hatua nyuma. Wageni walibaki wanatabasamu, wakisubiri kutafsiriwa.

Marselino hakukimbia. Aliuachia mkono wa mtoto polepole, akajifuta jasho.

"Mtoto amechanganyikiwa," akasema. "Mimi sikupanda boti yoyote. Nimekuja kwa miguu, kwa njia ya mpaka wa Manyovu. Waulizeni wenzangu."

"Nani amekutajia boti?" Klementina akauliza.

Marselino akajifuta jasho tena.

Mlinzi wa getini akasogea. "Bosi, tumkamate?"

"Kwa neno la mtoto wa miaka mitano?" Anatoli akang'aka, jasho limeshalowesha mikunjo ya shati. "Polisi waitwe. Mpaka waje, hakuna anayeondoka na mtoto, hakuna anayemgusa mtu. Na wewe, Klementina, ukimaliza hapa unakabidhi funguo za chumba cha seva."

"Sawa," Klementina akasema. Lilikuwa neno tu. Alisubiri liume, halikuuma.

Rozalia alikwenda kuwaita polisi, maana wote walikuwa Mwandiga wakihesabu watu. Wageni wakaongozwa kwenda kunywa soda. Watu wakatawanyika, kila mmoja na hadithi yake.

Palikuwa na benchi moja la mbao kando ya geti. Marselino akaenda akakaa, akakunja nne.

"Nitasubiri," akasema. "Sina haraka."

Klementina akamwinua mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Alitaka kumpeleka ndani, lakini mlinzi akazuia: meneja kasema pale pale, mbele ya macho ya watu. Basi akakaa ncha nyingine ya benchi, Ineza ubavuni, yeye mwenyewe katikati kama ukuta.

Wakakaa hivyo. Upepo wa ziwa ukayapigapiga mabango uzioni. Vidole vya mtoto vilitafuta mpaka vikapata pindo la blauzi yake, vikalishika.

Marselino akainamia mbele, viwiko magotini, akamchungulia mtoto kumpita Klementina. Uso wake ulikuwa umelainika, uso wa mjomba aliyeleta peremende.

"Ineza," akasema kwa Kirundi, kwa upole ambao ungemlaghai yeyote, "hatugombani tena, mwanangu. Yameisha. Hebu niambie kitu kimoja tu. Mama yako na yule mdogo wako mchanga, baba aliwaacha wamejificha wapi?"

Klementina alisikia baridi ikimpanda mgongoni, hisia ya kwanza tangu maziko ya Simbo.

Na mtoto, ambaye siku hiyo alikuwa ameanza kuongea, akafungua mdomo amjibu.